Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa WHO: jaribio likiisha, dawa inakwenda kwa nani?

Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Afya Duniani (WHO),
Geneva.

Baada ya salamu na heshima, niingie kwenye ombi langu bila kuzunguka, maana najua barua zinazofika mezani kwako ni nyingi. Shirika lako lina orodha ya taarifa ambazo kila jaribio la dawa au chanjo linatakiwa kuzitoa linaposajiliwa. Orodha hiyo ilianza na vipengele 20, leo ina 24. Naomba uongeze cha 25: jaribio hili likifanikiwa, watu wa nchi linakofanyika wataipata dawa hiyo kwa njia gani, na kuanzia lini?

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti katika mojawapo ya nchi zinazoendelea. Kazi yetu ni kusoma itifaki, yaani mpango mzima wa utafiti, kabla mtafiti hajamgusa mtu. Tunauliza damu itachukuliwa kiasi gani, mshiriki akidhurika atatibiwa na nani, fomu ya ridhaa imeandikwa kwa lugha anayoielewa au la. Maswali hayo hujibiwa kwa kurasa kadhaa. Tukifika kwenye swali la baada ya utafiti, tunapewa sentensi moja: mfadhili atashauriana na wadau husika kuhusu upatikanaji wa dawa. Sentensi hiyo nimeikuta kwa wafadhili wasiofahamiana kabisa, ikiwa imebadilishwa neno moja au mawili. Na mara nyingi tunaipitisha.

Tunaipitisha kwa sababu tunajua kitakachofuata tukikataa. Jaribio litahamia nchi jirani, na pamoja nalo zitaondoka ajira za wauguzi, mashine za maabara, na matibabu ambayo washiriki wangeyapata kwa muda huo, pengine mazuri kuliko yote waliyowahi kuyaona. Kisha wakubwa watatuuliza kwa nini tumemfukuza mgeni. Kamati ikiwa peke yake haina ubavu wa kumbana mfadhili mwenye nchi 20 za kuchagua. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Miongozo haikosekani. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara ya mwisho Oktoba 2024, linataka mipango ya baada ya jaribio iandaliwe kabla jaribio halijaanza, na mshiriki aelezwe wakati wa kutoa ridhaa. Lakini kinga hiyo ni ya washiriki wenyewe. Majirani zao hawamo. Miongozo ya CIOMS (Baraza la Mashirika ya Kimataifa ya Sayansi za Tiba) ya mwaka 2016, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na WHO, inakwenda mbele zaidi na kumtaka mfadhili afanye kila juhudi ili kilichogunduliwa kiifikie jamii iliyotafitiwa. Sasa nani anarudi kukagua juhudi hizo? Sisi hufunga jalada ripoti ya mwisho ikishawasilishwa. Dawa yenyewe hupata kibali baadaye, pengine miaka kadhaa baadaye, katika nchi nyingine, mbele ya maofisa ambao hawajawahi kuiona fomu yetu.

Wewe mwenyewe uliyasema haya kwa ukali kuliko mimi. Tarehe 18 Januari 2021, ukifungua kikao cha Halmashauri ya Utendaji, ulieleza kwamba nchi tajiri 49 zilikuwa zimeshachanja dozi zaidi ya milioni 39 za chanjo ya UVIKO-19, wakati nchi moja ya kipato cha chini kabisa ilikuwa imechanja dozi 25. Si milioni 25, ulisema, wala elfu 25. Ni 25 tu.

Siku zile zile lilikuwapo jambo jingine ambalo halikupata kelele za kutosha. Mwaka 2020 watu wapatao 2,000 wa Afrika Kusini walijitolea kwenye jaribio la chanjo ya Oxford na AstraZeneca. Ilipofika Januari 2021, serikali yao ilikuwa inainunua chanjo hiyo kutoka Taasisi ya Serum ya India kwa dola 5.25 kwa dozi. Umoja wa Ulaya ulikuwa unalipa euro 1.78. Maofisa wa Afrika Kusini walisema walielezwa kwamba nchi tajiri zinatozwa kidogo kwa kuwa zilichangia fedha za utafiti. Itazame hesabu hiyo, Mheshimiwa. Aliyetoa fedha amehesabiwa kuwa mchangiaji. Aliyetoa bega lake lichomwe sindano ambayo bado haijulikani kama inafaa, hakuhesabiwa. (Na ni jaribio hilo la Afrika Kusini lililoonyesha, Februari 2021, kwamba chanjo ile haikuzuia vya kutosha ugonjwa mwepesi na wa wastani uliosababishwa na kirusi aina ya Beta. Dunia nzima ilinufaika na taarifa hiyo, bure.)

Utaniambia hayo yalikuwa ya dharura, na dharura haina adabu. Basi tuchukue mfano wa wakati wa utulivu.

Lenacapavir ni sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Mwaka 2024 tulipata matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nimesoma matokeo ya majaribio mengi na sijazoea kuona sifuri mahali hapo. Marekani iliipa kibali cha kinga Juni 2025, kwa bei ya dola 28,218 kwa mtu kwa mwaka. Kabla ya hapo, Oktoba 2024, kampuni ya Gilead, mwenye dawa hiyo, ilikuwa imetoa leseni kwa watengenezaji sita wa dawa za jeneriki (nakala za bei nafuu za dawa ile ile) wauze katika nchi 120, na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba jeneriki hizo zitapatikana kwa dola 40 hivi kwa mwaka kuanzia 2027. Hili ni jambo kubwa na sitalibeza. Wanaokumbuka mwisho wa miaka ya 1990, dawa za ARV zilipokuwa zinagharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka na watu wakafa kwa mamilioni huku dawa zipo, wanajua tulikotoka.

Lakini jaribio la pili la dawa hiyo lilifanyika pia Argentina, Brazil, Meksiko na Peru. Nchi zote nne hazimo kwenye zile 120. Brazil si nchi maskini, najua, na kampuni inaweza kusema kwamba huko bei itajadiliwa kivyake. Pengine itajadiliwa vizuri. Ninachouliza ni hiki: mshiriki wa Peru alipokuwa anatia sahihi fomu ya ridhaa, ilikuwa imeandikwa wapi, mahali ambapo yeye, daktari wake au mwandishi wa habari angeweza kusoma, kwamba nchi yake huenda ikaachwa kwenye mataa? Kama kingekuwapo kipengele cha 25, swali hilo lingeulizwa siku ya kwanza, wakati mfadhili bado anawahitaji watu wa Peru.

Na siyo kisa kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliangalia dawa mpya 34 za kampuni kubwa zilizopata kibali Marekani mwaka 2012 na 2014. Ni 5 tu zilizokuwa zimeidhinishwa katika nchi zote zilikojaribiwa, baada ya miaka mitano kupita. Hapo hatujagusa bei. Ni kibali tu cha kuuzwa.

Kwa muda mrefu mjadala wetu ulikuwa mwingine. Tangu Tume ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo ilipotoa ripoti yake mwaka 1990, tumelalamika kwamba magonjwa ya maskini hayatafitiwi, na ni kweli. Eflornithine, dawa ya malale, iliwahi kukaribia kutoweka kwa kuwa haikuwa na faida, ikaja kuokolewa pale ilipogundulika kwamba inafaa kwenye krimu ya kuzuia nywele za usoni. Sitanii. Lakini malalamiko hayo yametufanya tuamini kwamba utafiti ukishafika kwetu, shida imekwisha. Ukifika ndipo shida nyingine inapoanza.

Malale hayo hayo yanatuonyesha kwamba inawezekana. DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, pamoja na kampuni ya dawa ya Sanofi, lilijaribu fexinidazole nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi ambazo barabara zake peke yake zingetosha kumkatisha tamaa mfadhili. Ni tiba ya kwanza ya malale ya kumeza tu. Kwa miaka mingi huko nyuma wagonjwa wa hatua ya pili, ugonjwa unapofika kwenye ubongo, walikuwa wanachomwa melarsoprol, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua takriban mmoja kati ya 20. Shirika la Dawa la Ulaya, linalokagua dawa kabla hazijaidhinishwa, lilitoa maoni ya kuikubali fexinidazole Novemba 2018, Kongo ikafuata baada ya muda mfupi, na wagonjwa wanaipata bure kupitia WHO. Waliofanya hivyo walijua tangu mwanzo dawa inakwenda kwa nani.

Wapo watakaokuambia kwamba kujaza kipengele hakubadilishi kitu. Wakumbushe mwaka 2005, wahariri wa majarida makubwa ya tiba walipokataa kuchapisha jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Usajili ulipanda kwa kasi, bila mahakama wala mkataba. Wahariri hao hao wanaweza kudai kipengele cha 25 kijazwe, ukiwaomba.

Kampuni zitasema bei haijulikani kabla ya matokeo. Sawa, wasiandike bei. Waandike nani atawasilisha maombi ya usajili wa dawa, katika nchi zipi, ndani ya miezi mingapi baada ya kibali cha kwanza popote duniani, na kama wataruhusu jeneriki. Watafiti wa vyuo vikuu wasio na kiwanda waandike wanatarajia kumkabidhi nani, na kwa masharti gani. Na mfadhili asiye na mpango wowote aruhusiwe kuandika hivyo: hatuna mpango. Ningefurahi kuisoma sentensi hiyo kuliko ile ya wadau husika, maana kamati ingejua inapitisha nini na mshiriki angejua anakubali nini.

Serikali zetu nazo zina lao. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, na wengi hawajafika hapo mpaka leo. Kuna dawa ambazo mfadhili aliziwasilisha kwa wakati zikakaa kwenye makabati ya wasajili wetu. Kipengele hicho kitawaumbua na wao pia, na ni sawa tu.

Mkataba wa majanga ya mlipuko uliopitishwa na Baraza la Afya Duniani tarehe 20 Mei 2025 ulichukua zaidi ya miaka mitatu ya majadiliano. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Mtandao wa rejista za majaribio ni wako, orodha ni yako, na muhula wako unaisha Agosti 2027. Naomba pendekezo hili lifike mbele ya Halmashauri ya Utendaji kabla hujaondoka. Na kama jibu ni hapana, naomba litolewe hadharani kama nilivyoandika mimi, pamoja na sababu zake, ili kamati zetu zijue cha kumwambia mfadhili atakayekuja kesho na itifaki mpya.

Wako katika kazi,
Mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti