Mwanangu, amri ya baba ina mwisho

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Goti la bibi yako limepoa, juzi amekwenda sokoni bila mkongojo.

Nakuandikia kwa sababu ya ule usiku wa mwisho wa likizo. Ulikuwa unanieleza kwa nini kura yako hutaipeleka ninakoipeleka mimi, nami nikakukata kauli: "Mtoto habishani na baba yake." Ulinyamaza, ukakusanya vyombo. Alfajiri ukapanda basi, na kitabu chako cha John Locke, yule mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya kumi na saba, kikabaki mezani. Nimekisoma polepole, kamusi pembeni, mpaka sura ya sita ya risala yake ya pili kuhusu serikali. Hapo nikajikuta nimeandikwa mimi.

Siku zile Uingereza ilikuwapo hoja ya Robert Filmer, ambaye kitabu chake kilichapwa 1680 yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Alidai Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya wanawe, na wafalme ndio warithi wa mamlaka hayo. Basi raia ni watoto, na mtoto hana la kusema. Locke, kabla ya kumgusa mfalme, anamgeukia baba. Anauliza kwa nini tunasema mamlaka ya baba, wakati amri ya Mungu inasema waheshimu baba yako na mama yako? Mama ana haki ileile. (Nilipomsomea mama yako hapo, aliniambia nirudie.) Kisha anasema mamlaka hayo tumepewa kwa faida ya mtoto, kwa kuwa amezaliwa hajaweza kujiongoza. Akili ikikomaa, amri inakoma. Heshima ndiyo inayodumu. Sheria ya kwao iliweka umri huo kuwa miaka 21, na wewe umeitimiza Machi.

Sasa, ikiwa baba aliyezaa na kulea hawezi kumtawala mtu mzima bila ridhaa yake, mfalme atautoa wapi uwezo huo? Ndiyo maana Locke anasema serikali halali hutokana na ridhaa ya watu, kazi yake ni kulinda uhai, uhuru na mali zao, na ikivunja amana hiyo watu wana haki ya kuiondoa. Maneno hayo yaliweza kumtoa mtu roho. Mwaka 1683 alikimbilia Uholanzi. Mwaka huohuo Algernon Sidney, ambaye naye aliandika kumpinga Filmer, alikatwa kichwa London, na maandishi yake mwenyewe yalitumika kama ushahidi dhidi yake. Locke alirudi 1689, Mfalme James II akiwa amekwisha kukimbia, akachapisha risala zake bila jina. Alikiri kuwa ni zake katika wasia wake tu, 1704.

Nimetafuta pia kile kitabu chake kingine, kuhusu ufahamu wa binadamu. Anasema akili yetu huanza kama karatasi nyeupe, na kinachoandikwa juu yake hutoka katika tunayoyaona na kuyasikia, na katika akili kujitazama yenyewe inavyofanya kazi. Humo kuna kisa cha mfalme wa Siam, nchi ya joto ambayo leo inaitwa Thailand. Balozi wa Uholanzi alimwambia kwamba kwao, wakati wa baridi, maji huwa magumu mpaka watu wanatembea juu yake, na hata tembo angeyapita. Mfalme akajibu kwamba mengine yote ya ajabu aliyasadiki, lakini sasa amejua kuwa balozi ni mwongo. Hakuwa mjinga, mwanangu. Alikuwa hajaona barafu. Mimi nimekulia katika chama kimoja; vyama vingi viliporudi 1992 nilikuwa tayari nina ndevu. Usiku ule wewe ulikuwa balozi, na mimi nilikuwa huyo mfalme.

Lakini liko jambo lililoniuma. Locke huyuhuyu aliweka fedha zake katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watu wetu wa Afrika Magharibi utumwani. Akiwa katibu wa mabwana wenye koloni la Carolina huko Amerika, alishiriki kuandaa katiba ya 1669 iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Na risala yake ya kwanza inaanza kwa kusema utumwa ni hali duni mno, haifikiriki Mwingereza kuutetea! Nilikifunga kitabu siku mbili. Nilipokifungua tena, niliandika kwa penseli pembeni mwa sura ya ridhaa: "Na hawa, ridhaa yao aliichukua nani?" Usiifute. Muulize mwalimu wako, kisha unieleze alivyojibu.

Kitabu nakituma kwa basi la Ijumaa, pamoja na unga na ile mitandio miwili uliyoisahau kambani. Ukipokea, nipigie jioni, umalizie hoja yako kuanzia pale nilipokukata.

Baba yako