Shija, niokoe na hiki Kihispania

Shija kaka,

Salamu nyingi. Huku Mwanza wazima. Mama yako nilimkuta mwaloni Kirumba akibishania bei ya dagaa, kwa hiyo afya ipo. Kimya chako tutakizungumza siku nyingine, nina shida.

Bosi anapokea kikundi cha Wahispania. Watalala hapa kwetu Capripoint, waende kisiwa cha Saanane, halafu Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Kaniona na daftari la Kihispania, basi kazi ya kuwauliza wanapenda kula nini ni yangu!

Salamu na bei nazimudu. Hiki cha kupenda ndicho kinanitoa jasho. Hawasemi mimi napenda samaki, wanasema samaki ananifurahisha: me gusta el pescado. Vikiwa vingi, kitenzi kinavifuata: me gustan los plátanos. Ukitaja shughuli, hata ziwe mbili, unarudi kwenye umoja: me gusta comer y dormir. Hiyo imeniingia upesi, sijui kwa nini.

Masanja yeye ni yo gusto mwanzo mwisho, hasikii. Juzi kamwambia mgeni wa kike me gustas, eti anamsifu kwamba ni mcheshi. Dada wa watu akasogeza kiti. Angesema me caes bien, yaani nakuona mtu mzuri, yangeisha. Me gustas ni kutongoza, kaka, tena mbele ya supu ya sato.

Nirudi kwenye shida yangu. Daftari linaniambia kundi la watu niwaulize ¿les gusta?, yaani mnapenda? Lakini nasikia Wahispania wenyewe, kwa watu wa kawaida tu, husema ¿os gusta?, na les wanamwekea mtu wa heshima. Sasa wageni wa bosi ni wa heshima au wa kawaida? Nikianza na os mzee wao asinune.

Kukataa nako kuna mitego. Mgeni akisema no me gusta, nami kama sipendi najibu a mí tampoco. Ila akimkataa sangara nitamwambia a mí sí, siwezi kumsaliti sangara.

Wewe wageni wako huko Arusha unawaanza na os au les? Me encanta, yaani naipenda mno, wanaisema kwa chakula, au nitaonekana nimezidisha? Odio, nachukia, je, si kali mno mezani? Kuna aliyewahi kuonja michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha, akaipenda? Nirekodie sauti yako ukiuliza hayo maswali, polepole, usijifanye wa Madrid. Na daraja la Kigongo–Busisi unakuja kulipita lini?

Kulwa