Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa mtaa,

Ya kawaida mnayajua. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliendelea, ulinzi shirikishi upo, taa tatu za njia ya msikitini zinawaka, misiba minne tumezika pamoja. Sitarudia.

Hesabu ni hizi. Daftarini tuko 146. Waliomaliza ada ya mwaka, shilingi 24,000, ni 51. Waliolipa nusunusu 38. Waliobaki 57 hawajatoa hata mia. Zimeingia 1,615,000, zimetumika 1,570,000, zimebaki 45,000. Risiti anazo mweka hazina.

Sasa niingie kwenye lile mlilokuwa mkilisubiri, nalo ni Kosta, lile basi dogo tulilokodi kwenda Baraza la Madiwani, mkasema hela imepotea bure.

Mnakumbuka masika yalivyokuwa. Mvua zilitushika tangu vuli, na kufika Mei tukaambiwa kimbunga Hidaya kinakuja. Mtaro wa nyuma ya soko ulikuwa umeziba kitambo, maji yakaingia ndani kwa wenzetu wa upande wetu wa bonde la Msimbazi. Kamati ikaamua tusiishie kulalamika kwenye grupu la WhatsApp, twende Baraza la Madiwani, kikao cha robo ya tatu. Nasema kamati, ingawa wazo lilikuwa langu. Kosta ikakodiwa kwa 180,000. Waliojiandikisha walikuwa 28. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tisa, nikimhesabu konda. Tukangoja saa nzima, dereva akipiga honi, watu wakituchungulia madirishani.

Mnalalamika kwamba tulikwenda kukaa kama mabubu. Ni kweli tulikaa kimya. Mikutano ya baraza ni ya wazi, lakini mwananchi anaingia kusikiliza. Msemaji wake ni diwani. Nililieleza hilo kwenye kikao chetu, kile kilichokosa akidi, kwa hiyo ambaye hakuja asiniulize. Ndiyo maana nilichagua siku ya kwanza, madiwani wanaposoma taarifa za kata. Wiki mbili kabla nilimpelekea diwani wetu barua yenye sahihi 63, kwa nauli yangu. Alipofika kwenye miundombinu alitusoma: mtaro, soko, nyumba kumi na moja. Sentensi mbili. Kisha akanyanyua macho akatutazama kule nyuma. Waliokuwepo waliona.

Halafu kuna hii habari ya chupa. Mama mmoja wa bondeni alikuja na maji ya mtaro kwenye chupa ya lita moja na nusu, meusi, yana povu la kijani juu, akitaka meza kuu wayaone. Mlinzi wa getini aliiinua kwenye mwanga, akauliza kama ni juisi ya ukwaju, akaizuia. Inasemwa mwenyekiti aliogopa. Sikuogopa, nilisema tusigombane kabla hatujaingia. Tulipotoka tuliikuta chini ya kiti cha mlinzi, na mama akarudi nayo kwenye Kosta ameipakata.

Jibu la wataalamu wa halmashauri lilikuwa kwamba mtaro ule unafuata barabara, na barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wapo waliocheka: 180,000 kwenda kuambiwa tumekosea mlango! Lakini kabla ya siku ile nani kati yenu alikuwa anaujua mlango? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandika barua nne kusikohusika. Ya tano ilikwenda panapohusika, nakala ninayo, ina muhuri wa Juni. Agosti kijiko kikaja, kikazoa mchanga siku mbili, kikaondoka kimeacha nusu. Sisemi ni kwa ajili ya barua yangu. Miezi ipo, kila mtu ahesabu.

Na wale waliovumisha kwamba natafuta uenyekiti wa mtaa: fomu zilitoka, sikuchukua. Tarehe 27 Novemba nilipanga foleni ya kura kama ninyi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutafuatilia ile nusu ya mtaro, tuangalie uwezekano wa ofisi, na vijana washirikishwe zaidi.

Wanaodaiwa wamwone mweka hazina kabla ya chai. Chai na maandazi ni ya wote, aliyelipa na asiyelipa, maana nimegharimia mwenyewe.

Ahsanteni.

Mwenyekiti