Kabla ya kumnunulia kasuku dawa ya kuku

Mteja mmoja mwenye kasuku ameondoka hapa kliniki kwetu Nairobi akinung'unika, na jioni akatuma ujumbe: "Daktari, umempima tu kwa mizani, ukamtazama mdomoni, hata sindano hukumdunga. Sasa pesa zote hizo ni za nini?" Si wa kwanza. Nimechoka kujibu swali hili kwa mmoja mmoja, basi leo nalijibu hapa.

Nianze na agrovet, maduka ya dawa za mifugo, maana wengi hupitia huko kwanza. Kasuku akianza kutuna manyoya na kusinzia mchana, mwenyewe hueleza dalili kaunta, akauziwa kifuko cha dawa ya kuku ya kuchanganya na maji. Kifuko ni bei nafuu, nasi tukitaja ada yetu tunaonekana wezi. Lakini dozi ile imepigiwa hesabu ya kuku. Kasuku hunywa maji kidogo, akiugua hunywa kidogo zaidi, na maji yakibadilika ladha anaweza kuyasusa kabisa. Dawa inayoingia mwilini haitoshi kuua vijidudu, ila inatosha kuvificha visionekane maabara.

Mama mmoja alituletea kasuku wa kijivu anayepumua huku mkia ukipanda na kushuka kila pumzi. Alikuwa ameshampa unga huo kwa siku kadhaa na hakutuambia. Sampuli ikaenda maabara ya mifugo Kabete, ikarudi haikuotesha kijidudu chochote. Ilibidi dawa isimamishwe, ndege alazwe kwenye joto na kulishwa uji kwa mrija, kisha sampuli ichukuliwe upya. Ndege alipona, lakini maabara ililipwa mara mbili na kitanda juu yake. Tafadhali, kama umeshampa kitu, tuambie. Hatugombi. (Tunagomba kidogo.)

Sasa hiyo "mizani tu". Kasuku wa kijivu mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi, na ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Akipoteza gramu 40, kwako ni yule yule, kwa sababu manyoya yamefunika kila kitu. Kwetu hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na ni dharura. Damu tunayoweza kuchukua kwake kwa usalama ni kama mililita 4, na ndege mgonjwa tunachukua chini ya hapo. Ukikosea mshipa huna akiba ya kurudia. Hata kumshika ni kazi: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, hupumua kwa kupanua kifua, hivyo anayemkamata kifuani kwa nguvu kama kuku wa Krismasi anaweza kumuua mikononi. Sisi tunatumia taulo, tunadhibiti kichwa, kifua tunakiacha huru.

Na "kutazama mdomoni" ndiko kulikogundua tatizo la mteja wetu huyu. Kwenye kaakaa la kasuku kuna ufa, na pembeni mwake vinundu vidogo vyenye ncha. Vya ndege wake vilikuwa butu, karibu vimelainika kabisa. Hiyo ni dalili ya upungufu wa vitamini A, na nilipouliza anakula nini, jibu lilikuwa alizeti, asubuhi na jioni, miaka yote. Alizeti ni mafuta matupu, vitamini A na kalsiamu ni kidogo mno. Sindano ningempa ya nini? Alihitaji karoti, boga, viazi vitamu na sukuma wiki. Kasuku mwingine wa alizeti aliletwa akianguka kijitini na kutetemeka, nyumbani wakidhani amerogwa. Kalsiamu ilikuwa imeshuka.

Si lazima uje kwetu. Lakini popote uendapo, hakikisha daktari amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kisha uliza: huwaona kasuku, au mbwa na ng'ombe pekee? Ana mizani ya gramu? Akilazimika kumlaza usingizi, hutumia gesi ya usingizi ya isoflureni kwa barakoa? Daktari mzuri wa ng'ombe asiye na mazoea na ndege atakwambia ukweli na kukuelekeza kwingine, na huyo ni wa kuheshimu. Anayekuandikia dawa kwa simu bila kumwona ndege, mkimbie.

Wengine hutaka dawa iletwe na bodaboda kwa kuwa hawana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori Kenya, wanaogopa kuonekana. Kasuku wa kijivu wamo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, tangu 2017, kwa hiyo kibali shughulikia mapema. Dawa kwa bodaboda hatutumi bila kumwona ndege, na sababu ni hii. Kuna ugonjwa wa kasuku unaoambukiza watu mapafu, na tiba yake kwa ndege huchukua kawaida siku 45. Tukiuliza nani anakohoa nyumbani, si udaku.

Siku ya kuja, mlete kwenye tundu dogo lililofunikwa kitambaa, na picha ya anakoishi, jiko likiwemo kama liko karibu, maana moshi na mvuke wa sufuria zisizoshika chakula zikiungua humuua haraka. Usisafishe tundu kabla ya kuja. Gazeti la chini tunalitaka na mavi yake: rangi ya kinyesi, weupe wa urati (ule mkojo wake mweupe) na wingi wa maji ndiyo vitu vya kwanza nitakavyovisoma.