Kabla hujanunua spika, chungulia tundu la waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu wanaorekodi vipindi vya televisheni kwa kompyuta, na hasa na mafundi wanaotuhudumia.

Mwaka jana, usiku wa Ijumaa, kituo kimoja kilirusha kipindi cha taarabu ya kale ya hapa Tanga, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Shangazi yangu aliwahi kuwa mwitikiaji katika kikundi cha mtaani ujana wake, na siku hizi miguu haimruhusu kutoka. Nikamrekodia. Asubuhi nikamfungulia: picha safi, lakini kila mwimbaji alipopandisha sauti, spika zilichacharika kama kitumbua kinapotiwa kwenye mafuta ya moto. Alivumilia ubeti mmoja. "Zima, mwanangu, yaniumiza masikio."

Fundi niliyemwendea aliniambia spika zimekufa. Nikanunua nyingine, na mkwaruzo ukawa uleule.

Kijana wa jirani anayesomea umeme ndiye aliyeinama nyuma ya kompyuta na tochi ya simu. Waya wa sauti wa king'amuzi, ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe, nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la pinki, ambalo ni la maikrofoni. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu ya volti, kwa hiyo kompyuta huukuza mara nyingi. King'amuzi hutoa unaokaribia volti nzima. Huo nao ukikuzwa, sauti hufurika, vilele vyake hukatwa, na kilichokatwa wakati wa kurekodi hakuna spika itakayokirudisha. Akauhamishia waya kwenye tundu la bluu, ambalo ni la kupokea sauti ya vifaa kama king'amuzi, akashusha kiwango cha kurekodia mpaka mshale wa kipimo cha sauti haukugusa nyekundu hata pale watangazaji walipopiga kelele, kisha akachagua sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani mara ambazo kompyuta huipima sauti kila sekunde, kipimo cha kawaida cha sauti ya televisheni. Palikuwa pia na mngurumo wa chinichini. Huo uliisha tulipochomeka televisheni, king'amuzi na kompyuta kwenye ekstensheni moja.

Mafundi wetu, nawaomba sana: mteja akija na malalamiko ya sauti, kabla ya kumuuzia kitu chezesha kwanza wimbo wowote mzuri kutoka kwenye simu kupitia spika zake zilezile. Ukitoka safi, spika hazina kosa, kosa liko kwenye kurekodi. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Nasi tunaorekodi, tujaribu dakika moja, tuisikilize kwa visikizi, ndipo tuache mashine usiku kucha. Kipindi kikishapita kimepita.

Changu ndicho kilichopita. Kijana alijaribu kukisafisha kwa programu. Mikwaruzo ikapungua kidogo, na sauti za waitikiaji nazo zikafifia. Shangazi alitaka kuwasikia hao hao waitikiaji. Kituo hakijakirudia tangu siku ile.

Kama yupo msomaji aliyekirekodi vizuri, naomba aliandikie gazeti hili. Nitasafiri kukifuata, hata kikiwa Pangani au Lushoto.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga