Hiyo "Leica ya dhahabu" ni ya Mrusi, na ya Mrusi yenyewe wala si mbaya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana juzi mmetoa habari ya kamera ya kale ya Mjerumani, ile ya rangi ya dhahabu yenye tai na swastika juu na jina Leica, mkaandika kwamba mwenye nayo anatafuta mnunuzi wa mamilioni. Mimi simjui mwenye nayo na sisemi ni tapeli, inawezekana kabisa na yeye kapigwa, ila picha mliyoitoa inamtosha mtu yeyote aliyewahi kushika hizi kamera kutilia shaka hiyo Leica. Na jambo lenyewe halijaishia gazetini, huku Tanga picha yake au ya pacha wake inazunguka WhatsApp, kijana wa jirani yangu na wenzake walishaanza kuchangishana hela wainunue halafu eti wakaiuze kwa Wazungu.

Jamani sisi likitajwa neno Mjerumani akili zinahama. Hazina zilizofukiwa, redio za mbao, sijui pasi za mkaa, kila kitu kina mamilioni ndani. Na si sisi peke yetu, mwaka 2009 Saudia ulizuka uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika tu kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, watu wakazigombania kama njugu na bei ikapaa, kumbe ndani hamna kitu ni cherehani tu. Hii ya kamera ni mchongo uleule umebadilishiwa nguo.

Leica ya kweli ilibuniwa na Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz pale Wetzlar, alichukua mkanda wa sinema wa milimita 35 akautengenezea kamera ndogo ya kuingia mfukoni, ikaonyeshwa kwa watu kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Ilipofika 1932 ikaja Leica II yenye renjifainda ndani, yaani kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Warusi wakaipenda wakainakili bila aibu. Mwaka 1934 kamera zao za FED zikaanza kutoka kule Kharkiv, Ukraine enzi za Usovieti, kwenye jumuiya ya vijana waliookotwa mitaani ambayo mwalimu Anton Makarenko aliilea, na baada ya vita, 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikatoa kamera ya Zorki. Hizi mbili za mwanzo ukiziona kwa mbali huzitofautishi na Leica II. Sasa kuna wajanja wakaona hapo kuna hela, unachukua FED au Zorki ya bei poa, unakwangua maandishi ya Kirusi, unapaka dhahabu, unachora tai na swastika, unaandika Leica, unakaa kumsubiri mteja.

Hebu tujiulize tu kidogo, jeshi gani linampa rubani kamera ya dhahabu akapigane nayo? Leica za jeshi la anga la Hitler zilikuwepo kweli, ziliandikwa kwamba ni mali ya jeshi, na nyingine zilipakwa kijivu, mambo ya kazi. Na Leica za dhahabu nazo zilikuwepo, ziliitwa Luxus, ila zilitoka chache sana kabla ya vita na karibu zote zilitokana na Leica ya kwanza kabisa ambayo haikuwa na renjifainda ndani. Kwa hiyo ukiona dhahabu, swastika na madirisha ya renjifainda vimekaa kwenye kamera moja, shika pochi yako vizuri.

Yule kijana nilimwambia amwombe muuzaji kitu kimoja tu, afungue lenzi apige picha ndani. Lenzi za hizi kamera ni za kuzungusha kama kifuniko cha chupa, zinatoka kwa mkono bila bisibisi. Ukichungulia ndani kwa juu utakuta kikono kinachogusa mkia wa lenzi ili kuipa habari renjifainda. Kwenye Leica ncha ya kikono hicho ina kigurudumu kidogo cha duara kinachozunguka, kwenye ya Mrusi mara nyingi ni kipande cha chuma kilichochongeka kama kabari, hakizunguki. Muuzaji akajibu eti lenzi ya dhahabu haifunguki, ukifungua thamani inashuka. Kijana akarudisha michango ya watu siku hiyohiyo.

Sasa Mhariri hapa ndo penye kilichonifanya niandike hasa, maana tukishasema ni feki ya Mrusi watu wanadhani basi ni takataka. Si takataka. Mimi ninayo Zorki 4 aliyorudi nayo baba mdogo kutoka Moscow alikokwenda kusoma, enzi zile vijana wetu wengi walipelekwa huko, na hiyo kamera ninaitumia mpaka leo. Haina betri. Haina hata sehemu ya kuweka betri. Ina lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50 yenye f/2 (hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), spidi kuanzia sekunde 1 mpaka 1/1000, na uzito wa kumpigia mwizi.

Kuitumia kunahitaji utulivu kidogo. Unachungulia kwenye kidirisha, katikati unaona kiraka chenye picha ya pili inayoelea juu ya ile ya kwanza, mtu anaonekana ana pua mbili, unazungusha lenzi polepole mpaka pua zinakutana inabaki moja, hapo umelenga. Raha yake ni kwamba hata kwenye mwanga hafifu, sebuleni usiku na taa ya chemli, zile pua mbili bado unaziona vizuri, na wakati unabofya huoni giza maana unachungulia dirisha lake lenyewe, huchungulii kupitia lenzi. Lakini faida hiyohiyo ndo mtego, unaweza kupiga mkanda mzima umesahau kifuniko kwenye lenzi na wewe unaona kila kitu safi kabisa, ushungi wa bibi harusi na keki na wajomba wote, ukisafisha hamna hata kivuli. Na kwa vitu vya karibu sana dirisha linaona sehemu moja lenzi inaona nyingine, unakata watu vichwa. Kwa ua au pete chukua simu yako tu, renjifainda haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Zorki ina sheria moja ambayo kila aliyerithi anatakiwa aijue kabla hajaigusa, vuta mkanda kwanza ndo ubadilishe spidi, usibadilishe kabla hujavuta, unaweza kuharibu mashine ndani. Nyingi nilizoziona zimekufa hivyo, mjukuu kaikuta kabatini kaanza kuzungusha kila kinachozunguka. Ya pili inatuhusu sana sisi wa pwani. Pazia la shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, ni kitambaa chenye mpira, na kamera hii haina kioo cha kulikinga, kwa hiyo ukiiacha mezani bila kifuniko lenzi ikilitazama jua, jua linajikusanya linachoma tundu kwenye pazia. Jua la Tanga la saa saba halihitaji muda mrefu. Baada ya hapo kila picha inakuja na doa jeupe. Na tafadhali msizihifadhi kwenye ule mkoba wake wa ngozi mnaouona mzuri, ngozi inashika unyevu, unyevu unazaa fangasi, fangasi anakula lenzi. Toeni kamera kwenye ngozi, wekeni kwenye kopo la plastiki na vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kuhusu gharama sitawadanganya, mkanda ni ghali na studio nyingi siku hizi zinapiga pasipoti za dijitali na kuchapa vikombe, ukiomba kusafishiwa mkanda wanakutazama kama umeomba barua ya telegramu. Wale wanaosema picha ya mkanda ina roho mimi sina ugomvi nao lakini sioni hiyo roho, naona kazi ya mikono ambayo naipenda basi. Za rangi natuma Dar. Nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe jikoni, na hapo adui mkubwa ni joto la maji. Mkanda wa HP5 kwenye dawa ya D-76 isiyoongezwa maji unataka dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20, sasa niambieni Tanga maji ya bomba ya nyuzi 20 yanatoka wapi? Nanunua barafu ya mifuko kwa mama muuza juisi mtaani, naiweka kwenye beseni, chupa za dawa zinakaa humo na kipimajoto mpaka zishuke, nikianza tu mtu asinigongee mlango. Mkanda unaingizwa kwenye tenki ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, vidole ndo macho, na mwanzoni unalowa jasho humo ndani mpaka mkanda unagoma kuingia kwenye spuli. Ukiutoa mwisho kabisa ukauning'iniza bafuni ukaona zile picha ndogo zimejipanga, hata kama ni za mbuzi wa Mwarongo, aisee.

Mwanga wa kupigia nao watu wanadhani ni siri. Jua likiwa kali na kivuli kimekatika vizuri weka f/16 na spidi inayokaribia namba ya wepesi wa mkanda iliyoandikwa kwenye boksi lake, mkanda wa 400 weka 1/500, piga. Kukiwa na mawingu fungua tundu la lenzi zaidi. Wazee wetu wa studio walikuwa wanafanya hivyo bila mashine yoyote na picha zao ndo hizo mnazoposti kila Alhamisi.

Kwa walio na za Mjapani kwenye masanduku, nazo msizitupe wala msimwachie muuza vyuma chakavu kwa bei ya sufuria. Yashica Electro 35 iliyoanza 1966 na Canonet QL17 ya miaka ya 70 ni renjifainda nzuri sana, zenye lenzi za f/1.7, na Canonet shata yake ni ya kimyakimya kiasi kwamba unaweza kupiga msikitini kwenye ndoa na shehe asigeuke, ambayo kwa Zorki yangu haiwezekani maana inalia kama mtego wa panya. Tatizo la hizi za Mjapani ni betri. Zilitumia betri za zebaki ambazo zimeshapigwa marufuku, na ndo zebaki pekee mtakayoikuta humo, msianze tena! Canonet unaweza kuiwekea betri za zile mashine za kusaidia kusikia, za volti 1.4, zinakaribia sana ile 1.35 ya zamani, na hata bila betri inapiga ukiseti kila kitu kwa mkono. Yashica bila betri inakubakishia spidi moja tu, 1/500, kwa hiyo kama fundi alikwambia imekufa pengine ilikuwa na njaa ya betri tu.

Jambo jingine kabla hamjaifungua kamera yoyote ya marehemu kuangalia imeandikwa nini ndani. Zungusha taratibu kile kitufe cha kurudishia mkanda. Kikizunguka bure, hamna kitu. Kikigoma au ukahisi kinavuta, kuna mkanda humo ndani, usifungue mgongo, picha zitaungua zote, rudisha kwanza mkanda kwenye kopo lake na utafute wa kuusafisha, mikanda ya miaka mingi bado mara nyingine inatoa kitu hasa ya nyeusi na nyeupe. Na negativu zilizo kwenye makopo ya biskuti msizichome. Pale Unguja, Capital Art Studio ya mzee Ranchhod Oza imekuwepo tangu 1930, na watu bado wanaingia kutazama picha za zamani ukutani, kamera alizotumia hakuna anayeziulizia.

Nawaomba mtoe marekebisho ya ile habari, au angalau mkimpata tena yule mwenye nayo mwambieni afungue lenzi mbele ya mpiga picha wenu. Na kama kati ya wasomaji yupo fundi, wa Tanga, Dar, Mombasa, popote, anayeweza kubadilisha pazia la shata la Zorki 4 na si kuliziba kwa gundi ya viatu kama nilivyofanya mimi, ajitokeze kwenye safu hii, kitambaa ninacho.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga