Mashamba Yanayoonekana Kutoka Angani

Mto wa Mbu,
Jumamosi jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na habari za mama nimezisoma; mpe pole yangu, mwambie dawa za mguu azimalize, asiishie njiani akishaona nafuu. Huku hatujambo, ila vumbi limetuzidi nguvu.

Umeniuliza kwa uchokozi wako uleule: watu wa akiolojia, hawa wachunguzi wa mabaki ya kale, wanalionaje shamba lililolimwa miaka 500 iliyopita, ilhali ninyi hata kaburi la babu yako limewapotea na aliyemzika bado yu hai? Nitakujibu kwa Engaruka, maana ndiko ninakoshinda siku hizi.

Ukitoka hapa ukashika njia ya Ziwa Natron, ukuta wa Bonde la Ufa unakwenda nawe mkono wa kushoto. Chini yake, pale mto Engaruka unaposhuka, kuna mashamba ya kale yaliyoenea kama kilomita za mraba 20: kuta fupi za mawe, mifereji, majaluba, na juu mteremkoni vijiji vya wenyewe. Yalilimwa tangu karne ya 14 au 15 hadi karne ya 18 hivi. Mtama ulioungua umepatikana humo. Lakini simama katikati uniambie unaona nini. Utaona mawe, migunga na mbuzi wa Wamasai, basi. Ni kama mkeka, aliyeulalia haoni ukili ulivyopishana. Lazima uyatazame kutoka juu, na hata picha za setilaiti ulizo nazo kwenye simu zinatosha. Zikuze pole pole mpaka uone vile viraka vya mashamba, kimoja ubavuni mwa kingine, na mistari ya mifereji ikivikatiza.

Siri ya kwanza ni jua. Picha ya saa sita mchana ni hasara tupu, kwa sababu jua la utosi hufuta kila kitu. Saa moja asubuhi kaukuta ka kimo cha kifundo cha mguu hutupa kivuli kirefu, na bonde zima linajichora lenyewe. Ndiyo maana wenye droni (na vibali vyake, usisahau vibali!) huondoka kambini kabla ya chai.

Siri ya pili itakufaa wewe mkulima. Mahali ambapo kuta zimeshalimwa zikaisha, husomwa mazao. Chini ya mahindi yako kukiwa na mtaro wa kale uliojaa udongo, mizizi hapo hupata unyevu zaidi, na mahindi yanabaki kijani wakati wenzake wamesinyaa. Kukiwa na msingi wa ukuta, yanakuwa manjano mapema. Waingereza wameifanyia kazi sana hii. Mwanaakiolojia wao O. G. S. Crawford, aliyewahi kuruka na ndege za kivita katika Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya 1920 alitumia picha za jeshi la anga kusoma mashamba ya kale ya kusini mwa nchi yao. Na ukame wa 2018 uliwatolea watu wa Uingereza na Ireland michoro mingi ambayo mvua za kila mwaka zilikuwa zikiificha. Wakulima walikuwa wanalia, wenzao wa akiolojia wanashangilia.

Sasa nikwambie kinachonikera. Picha inaonyesha vyote kwa mpigo, kana kwamba vilijengwa siku moja na watu wale wale. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alipofika Engaruka mwaka 1935, hata bila picha ya angani, alihesabu nyumba zaidi ya 6,000 na kukadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Mji mzima! Wanaakiolojia waliomfuata, hasa John Sutton, waliishusha sana hesabu hiyo, wakabaki watu elfu chache. Nyumba hazikukaliwa zote kwa wakati mmoja. Na yale marundo ya mawe yaliyodhaniwa kuwa makaburi yalipochimbwa hayakutoa mifupa. Ni mawe tu ambayo mkulima aliyaokota shambani akayatupa pembeni, kama mnavyofanya ninyi.

Mwanaakiolojia Daryl Stump ndiye aliyenifurahisha zaidi, kwa kuwa aliinama. Alichimba mashimo ndani ya mashamba yenyewe akasoma udongo tabaka kwa tabaka. Akaona kwamba baadhi ya mashamba yale udongo wake haukuwepo pale. Watu walijenga kuta za mawe kukinga njia ya maji, maji ya mvua yakaacha tope nyuma yake, tope likajaa, wakainua ukuta tena. Yaani shamba lilitengenezwa na mto kwa amri ya mkulima! Hilo huwezi kuliona ukiwa juu hata urushe droni ya bei gani.

Katikati ya picha na jembe ndipo vinapoingia vipimo. Kuna cha umeme: unachomeka vijiti ardhini na kupitisha umeme kidogo. Mtaro wenye unyevu huupitisha kirahisi, ukuta huukataa. Kuna cha sumaku, ambacho unatembea nacho mstari kwa mstari kama mtu anayepanda mbegu, umevua mkanda, funguo na kila chenye chuma. Udongo uliounguzwa na moto, au uliojaza mtaro kwa miaka, una sumaku tofauti na wa jirani yake, na kompyuta inakuchorea tofauti hiyo.

Ila hapa Engaruka kipimo hicho cha sumaku kina shida ya nyumbani. Tuko chini ya milima ya volkano, na jiwe la volkano lina sumaku yake tangu lilipopoa. Ukipita juu ya ukuta wa mawe hayo, kila jiwe linapiga kelele upande wake. Kwenu ni raha! Songo Mnara, ule mji wa kale wa Waswahili kisiwani karibu na Kilwa, hapo mbele yenu, imesimama juu ya matumbawe, na matumbawe yamenyamaza kabisa kwa sumaku. Ndiyo maana kikosi cha wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher kilipopima maeneo ya wazi katikati ya magofu, yale yaliyoonekana matupu, kiliona alama, kikachimba, kikakuta nyumba za udongo na fito. Wageni wote wanapiga picha kuta za mawe. Nyumba za udongo ziko chini ya viatu vyao.

Kwa hiyo jibu la kaburi la babu: mchanga wa pwani uliochimbwa na kurudishwa haushikamani sawasawa na ule wa kando. Kabla ya kumleta mtu na mashine, ngoja kiangazi kikolee, nenda pale alfajiri, utazame nyasi ukiwa juu ya ule mwembe wa shangazi. Sitanii. Mahali palipofukuliwa nyasi huota kwa namna yake. Piga picha na simu, kisha urudi jua likikaribia kuzama, maana vivuli vitalala upande wa pili, uzilinganishe.

Ukiona chochote nitumie. Na ukija mwezi wa sita, shukia hapa stendi ya Mto wa Mbu, usinunue ndizi njiani. Za hapa zitakutosha. Viatu vya kufunika vidole, tafadhali, miba ya Engaruka haina adabu.

Msalimie mama na watoto wote.

Ni mimi shoga yako,
wa vumbini